Tone la Utomvu

Ukimpelekea Sawako Koguchi kamera kuukuu, haitazami kwanza. Huinusa. Huishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekaribishwa chai, huileta puani, na kabla hujakaa sawa atakuambia imelala wapi miaka yote hiyo. Kabatini, penye dawa ya nondo. Kwenye gari la mvuta sigara. Chini ya ngazi, upande wa bafu. Hakosei mara nyingi, na akikosea hakubali upesi.

Karakana yake iko Shimosuwa, kwenye kichochoro kinachoteremka kutoka hekaluni kwenda ziwani, jirani na birika la maji ya moto ambamo wazee huchovya miguu na kusengenyana. Anaiendesha pamoja na shemeji yake Tetsuro, mdogo wa marehemu mumewe. Wamegawana kamera kama watu wanavyogawana nyumba ya urithi: ndani ni kwa Tetsuro, nje ni kwa Sawako. Springi, gia na vioo ni vya Tetsuro. Ngozi, rangi, shaba na herufi zilizochongwa ni za Sawako. Kabla kiwanda cha kamera cha kando ya ziwa hakijafungwa, yeye alikaa meza ya mwisho, ile ambayo kamera ikitoka hapo haiguswi tena na mkono wa mtu mpaka ifike kwa mnunuzi. Msichana hakuwekwa meza ile kwa kuonewa huruma. Sawako aliwekwa pale kabla hajaolewa, na hakuhamishwa mpaka siku taa zilipozimwa.

"Mimi ni daktari wa figo," Tetsuro humtania mbele ya wateja. "Huyu ni wa saluni."

"Na siku ya harusi watu wanamsifu nani?" Sawako humjibu. "Daktari wa figo?"

Jambo moja tu ndilo Tetsuro alilokuwa akilishangaa kila siku. Sawako hakuwahi kupiga picha. Kamera zimepita mikononi mwake kama mchele, lakini hakuwa na yake, na hata kuchungulia kwenye kitundu hakuchungulia ila kuona kama kina vumbi. Alisema picha ni kazi ya mwenye kamera. Yake ni kamera.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa Nyani kwa kalenda ya kale, mwaka wa Onbashira, sherehe ya magogo ijayo kila baada ya miaka sita, na mjini hapakuwa na mazungumzo mengine. Magogo ya msonobari yalikuwa yameshalala juu ya mlima yakingoja kuteremshwa kwenda hekaluni, na kila mtaa ulikuwa unavutana chini kwa chini nani apande gogo likiporomoka na nani abaki kwenye kamba. Ndipo asubuhi moja ya manyunyu akaingia mzee Kanji Ushiyama, kamera imefungwa kwenye kitambaa cha zambarau kama chakula cha mchana. Alikuwa amestaafu kwenye kiwanda cha miso, ule mchuzi mzito wa soya iliyochachushwa, cha Okaya, mtu mwembamba, mgongo bado umenyooka.

Sawako alifungua kitambaa, akanusa.

"Miso," akasema.

"Nyeusi au nyeupe?" mzee akauliza.

Sawako akanusa tena. "Nyeusi. Iliyokaa sana pipani."

Mzee akamgeukia Tetsuro. "Huyu unafanya naye kazi vipi?"

"Sili vitunguu," Tetsuro akasema bila kuinua kichwa.

Kamera ilikuwa nyeusi, iliyotoka kwenye kiwanda kilekile cha kando ya ziwa, na imefungwa lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Rangi ilikuwa imelika kwenye pembe mpaka shaba ikachungulia, njano ya kupendeza. Lakini ngozi ilikuwa imevimba vipele. Sawako alivijua vipele hivyo: chini ya kila kimoja kuna kutu ya kijani iliyoota kwenye misumari ya shaba na kusukuma ngozi juu kama uyoga. Ukingoni mwa ngozi palikuwa na uchafu mweusi uliogandamana. Herufi zilizochongwa juu zilikuwa zimepoteza weupe wake, hazisomeki.

"Naitaka safi kabla ya siku ya gogo letu," mzee alisema. "Mwanangu Mineo amepewa kukaa mbele ya gogo."

Hapo Tetsuro akainua kichwa. Mtu anaweza kuvuta kamba maisha yake yote asipewe mbele. Hupigiwi kura, wala huombi. Wenzako wa mtaa wanakutazama miaka na miaka, halafu jioni moja wanakuambia, na wewe unakwenda nyumbani kumwambia mkeo, naye anakwenda jikoni bila kusema neno, maana wapo waliopewa mbele ambao hawakurudi nyumbani kwa miguu yao.

"Hongera, mzee," Tetsuro akasema.

"Onbashira zote nimezipiga picha tangu ujana," mzee akaendelea, akimtazama Sawako. "Magogo nimeyapiga, matope nimeyapiga, wana wa watu nimewapiga mpaka basi. Wangu alikuwa huko nyuma kwenye kamba, haonekani. Safari hii yuko mbele. Na teremko lenyewe, unalijua, ni pumzi mbili tu. Sitaki ngozi inichubukie kiganjani saa ile."

"Utaikuta kama mpya."

"Sitaki mpya. Nataka safi."

"Mzee wangu," Sawako akasema, "tofauti hiyo hakuna anayeijua kunishinda, kuanzia hapa mpaka Tokyo."

Hakuwa anajigamba ovyo. Wako mafundi ambao wakiona shaba imechungulia hupaka rangi nyeusi upya, kamera ikang'aa kama kiatu cha maiti. Wengine hufanya kinyume, huisugua kamera nzima kwa msasa ili ionekane imesafiri. Sawako aliwadharau wote. Yeye alikuwa na sheria moja, na aliirudia kwa kila aliyetaka kusikia na wengi wasiotaka: kilichopungua kibaki, kilichoongezeka kitoke. Rangi iliyoliwa na kidole cha mwenyewe ni mali ya mwenyewe, haiguswi. Lakini jasho, mafuta, kutu, moshi, masizi na gundi ya mafundi wa vichochoroni ni wageni, na mgeni asiye na adabu hutolewa nje.

Akafanya kazi kama alivyozoea. Alipitisha kijiti cha mwanzi, chembamba kama ulimi wa ndege, chini ya ngozi, akitanguliza spiriti tone kwa tone, mpaka ngozi ikabanduka nzima bila kuchanika. Kutu ya kijani aliikwangua kwa mwanzi huohuo, maana chuma hukwaruza, kisha akaifuta kwa siki, akaifuta kwa maji, akaifunika shaba kwa rangi isiyo na rangi ili isiote tena. Ngozi aliilisha mafuta kidogo kwa kidole, akaingoja inywe, akairudisha kwa gundi ya kahawia iliyonuka kama sakafu ya zamani. Kwenye herufi alipitisha chaki ya nta nyeupe, akafuta kwa kitambaa kilichokazwa kwenye kidole, na jina la kiwanda likarudi kama lilivyokuwa likitoka kwenye meza yake. Alipoliona alitabasamu. Herufi zilikuwa udhaifu wake.

Akabakiza lenzi. Kwenye pete ya kupimia umbali, katikati ya meno yake madogo, alikuta kidonge kimeganda, rangi ya asali iliyoungua, hakizidi punje ya mtama. Kilikuwa kigumu kama jino. Mtu mwenye haraka angekingoa kwa ncha ya bisibisi na kuacha kidonda. Sawako alikilainisha kwa pamba na spiriti, akasubiri, akarudia, akasubiri, mpaka kikakubali chenyewe na kutoka kizima juu ya kijiti. Akakinusa.

"Utomvu," akamwambia Tetsuro. "Wa siku nyingi sana."

Tetsuro akaja na lenzi ya kukuzia, akaitazama pete mbele na nyuma. "Rangi haikustuka hata kidogo," akasema, naye si mtu wa kusifu. Kijiti kikaingia kwenye ndoo ya takataka, na ndoo ikamwagwa jioni ileile, kwa kuwa Sawako hakulala na takataka ndani.

Mzee Ushiyama aliporudi, aliigeuza kamera mkononi muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya ngozi iliyolala. Akainusa, kwa kejeli, akimkazia macho Sawako.

"Hata miso imetoka. Nimestaafu mara ya pili," akasema, na wote watatu wakacheka.

Kisha akafanya kitu ambacho pengine alikifanya kila anapoishika. Akafumba macho, akainua kamera juu ya kichwa kwa mikono miwili, na kidole gumba cha kushoto kikaanza kutembea kwenye pete ya lenzi. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya wenyewe. Akafumbua macho.

"Tone liko wapi?"

"Tone gani, mzee?" Sawako akauliza, na alipokuwa anauliza tayari alikuwa amejua.

"Tone langu. La utomvu."

Tetsuro aliweka bisibisi mezani taratibu sana.

Mzee hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda cha wateja na kueleza kama anayewaeleza watu waliotoka mbali. Pale chini ya teremko watu wanabanana mpaka huwezi kukuna pua. Hakuna kuweka jicho kwenye kamera. Unaiinua juu ya vichwa vya watu, jicho linabaki kwenye gogo, na vidole vinafanya kazi peke yake. Mwaka aliponunua lenzi ile alisimama penye nguzo yake ya uzio, akapima pale gogo linapopiga chini na kuinua pua, na picha ilipokaa sawa akabandika tone la utomvu juu kabisa ya pete. Tangu hapo, kidole gumba kikikuta tone liko juu, basi. Lenzi ndefu haina msamaha, na siku za gogo huwa za mawingu; ukikosea kwa unywele uso wa mtu unakuwa uji.

"Namba yake ilikuwa ngapi?" Tetsuro akauliza. "Tuipime upya kwa namba."

"Namba sikuwahi kuisoma. Ningeisoma ya nini, nilikuwa na kidole. Na hata hivyo pale hapana namba. Namba zinaishia karibu, halafu ni patupu mpaka mwisho."

Sawako alichukua lenzi ya kukuzia, akasogea dirishani. Aliitazama pete jino kwa jino, akitafuta doa, kivuli, weusi uliozidi kidogo pale utomvu ulipoikinga rangi na jua. Aliikagua mara ya pili kwa kuilaza. Kazi yake mwenyewe ilimshinda. Hakuwa ameacha kitu.

"Nilikuletea koti ufue," mzee akasema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi. "Umelifua vizuri sana, mama. Umenirudishia bila vifungo."

Sawako akainama, kichwa chini, kwa muda unaostahili. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu lakini sauti yake ilikuwa ileile.

"Nimekosea. Nililiona, nikalinusa, nikajua ni utomvu, na sikukuuliza. Litarudi, mzee, na litakaa pale lilipokuwa."

"Litarudi kutoka wapi?"

"Kutoka palepale ulipolitoa mara ya kwanza. Kesho asubuhi tutakutana kwenye uzio wako. Shemeji, lete kile kioo chako chenye ukungu."

"Nani amekuambia nina nafasi kesho?" Tetsuro akauliza.

"Mimi," Sawako akasema.

Asubuhi yake chini ya teremko palikuwa na baridi na matope. Wanaume wenye makoti ya buluu ya mtaa walikuwa wanakaza kamba na kupigilia mbao za majukwaa. Mzee Ushiyama alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo yake, akaipigapiga kama mtu anayemsalimu ng'ombe. Hawajakaa sawa akawajia Hamano, msimamizi wa kamba, mtu mnene mwenye filimbi shingoni.

"Hapavukwi hapa mpaka siku yenyewe," akasema.

"Hatuvuki, bwana Hamano," Sawako akamjibu. "Tunataka mtu mmoja wa upande wako asimame pale gogo linapoinua pua. Asimame tu, hata kusema asiseme."

"Watu wangu wana kazi."

"Mimi pia nina kazi. Kamera ya marehemu baba yako, ile ya ngozi ya kahawia, nani aliyeitoa ukungu mama yako akaweza kuiweka kwenye madhabahu ya nyumbani?"

Hamano aliitazama filimbi yake. "Dakika chache tu," akasema, akageuka na kuita, "Mineo. Njoo baba yako akuone."

Mineo alishuka mtelezoni kwa makalio, kwa mazoea, matope mpaka mgongoni. Alikuwa fundi bomba, mabega mapana, mvi zimeanza pembeni. Aliwaona watu watatu na kitambaa cheusi, akasimama.

"Baba, umekuja kunipima sanda?"

"Nakupima uso. Sanda yako itahitaji kitambaa kingi, sina. Nenda pale penye jiwe, geuka huku."

"Mbele ya wenzangu wote hawa?"

"Wenzako wamekupa gogo zima. Watashindwa kukupa dakika?"

Wale wa kwenye kamba wakacheka, mmoja akamwambia Mineo atabasamu kama bwana harusi. Mineo akaenda penye jiwe.

Tetsuro alifungua mgongo wa kamera, akabana kipande cha kioo chenye ukungu pale filamu inapopita, akaiacha lenzi wazi isijifunge. Mzee akashika kamera kwa urefu ule anaoiinulia siku ya sherehe, na Tetsuro akafunga vijiti vya kuishikilia hapohapo kwenye nguzo. Kilichobaki ni mtu wa kuingia chini ya kitambaa cheusi, juu ya ngazi fupi waliyoazimwa na mafundi wa majukwaa.

"Nitaingia mimi," Tetsuro akasema. "Vioo ni vyangu."

"Kosa ni langu," Sawako akasema, na alikuwa ameshapanda.

Chini ya kitambaa palikuwa na giza na harufu ya spiriti. Halafu kioo kikapata mwanga, na Sawako akaona mlima umening'inia juu chini, na ndani yake mtu mdogo wa buluu ameshikiliwa na dunia kwa nyayo. Mtu yule alikuwa kama moshi. Akageuza pete, moshi ukaanza kukusanyika. Akageuza zaidi, ukatawanyika.

"Vipi?" mzee akauliza kutoka chini.

"Subiri."

Akaenda mbele, akarudi nyuma. Uso wa Mineo ulimdanganya, kwa kuwa uso kila mahali unaonekana karibu sawa. Jicho la mtu hujaza lenyewe kinachokosekana. Tetsuro alipanda akachungulia, akasema hapo. Mzee naye akasaidiwa kupanda, akasema rudi kidogo. Tetsuro akasema ukirudi umepotea. Wakaanza kubishana juu ya ngazi, mzee na fundi wa figo, mpaka Hamano akapuliza filimbi.

"Shukeni nyote wawili," Sawako akasema.

Akaingia tena chini ya kitambaa, na safari hii hakutafuta uso. Kwenye ukosi wa koti la Mineo, kama kwa makoti yote yale, jina la mtaa lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya buluu. Uso hakuujua, lakini herufi nyeupe alizijua kuliko alivyojua mistari ya kiganja chake. Alijua ncha ya herufi inapokuwa imejaa na inapokuwa imevuja. Akageuza pete kwa ukucha, kidogo, kidogo tena, mpaka herufi zile, zilizopinduka na ndogo kama mbegu za ufuta, zikawa safi kama vile amezijaza yeye na kuzifuta kwa kitambaa.

"Ni hapa," akasema. "Hakuna mjadala. Mzee, weka kidole gumba juu, kama siku zote."

Mzee akainua mkono, akagusa. Sawako akachomeka ncha ya kijiti cha mwanzi katikati ya meno ya pete, pale kidole kilipolala.

Ikabaki shida ya utomvu. Magogo yalikuwa juu mlimani, na hakuna mtu wa pande zile za Suwa, hata mlevi, atakayekwangua gogo la sherehe. Mzee akasema mwaka ule wa kwanza alibanduliwa utomvu kutoka kwenye kamba na rafiki yake ambaye sasa ni marehemu. Mineo alikuwa amesogea, akasikia.

"Utomvu ndio mnautafuta?" akasema. "Nimekaa juu ya gogo mwezi mzima kwenye mazoezi. Mke wangu amenikataza mikeka yote ya nyumbani. Tazameni suruali yangu."

Akageuka. Ilikuwa kweli. Sehemu ya kukalia ilikuwa ngumu na inang'aa kama sahani.

"Inama," Sawako akasema.

"Shangazi, hapa hadharani?"

"Inama, nina kazi nyingi."

Kicheko kilipanda teremko mpaka juu. Sawako hakucheka. Alikwangua kwa uangalifu uleule anaokwangulia shaba, akachukua sehemu iliyo safi, isiyo na nyuzi za kitambaa, akaikunja ndani ya karatasi na kuitia kifuani.

Karakanani aliuyeyusha utomvu juu ya mwali mdogo na kuuchanganya na gundi yake ya kahawia, maana utomvu mbichi ungebaki kunata mpaka mwaka wa Chui Milia, mpaka Onbashira ijayo. Akadondosha tone kwenye jino la pete alilolitia alama, akaliacha lishike. Kisha akamkabidhi mzee kamera.

"Fumba macho."

Mzee akafumba. Kidole gumba kikapanda. "Kubwa mno. Hii ni chunusi."

Sawako akasugua kwa kijiti kilichochovywa kwenye spiriti. "Sasa?"

"Limechongoka. Langu lilikuwa na mgongo mpana."

"Upande gani, wa kwako au wa lenzi?"

Mzee akafikiri kwa kidole. "Wa kwangu."

Akalipunguza upande wa lenzi. Akalipunguza tena. Mzee alisema hapana, hapana, karibu, hapana, na Sawako hakuchoka wala kukasirika. Akabaki ameinama, miwani kwenye ncha ya pua, kama yuko meza ya mwisho na kamera ya mfalme. Halafu ikafika mara ambayo mzee hakusema kitu. Kidole kilipanda, kikasimama. Kikashuka, kikapanda, kikasimama.

"Umelipata," akasema. "Habari yako, bwana," akaliambia tone.

Alipoondoka, Tetsuro aliuliza, "Na ile sheria yako sasa? Kilichoongezeka kitoke?"

"Bado ni sheria," Sawako akasema, akifuta meza. "Nimeiongezea mlango. Kuanzia leo mwenye kamera ataishika kwanza mbele yangu, macho yamefumbwa, ndipo niiguse."

"Wateja watasema umeanza uganga."

"Waseme. Huko kwingine nani huwauliza?"

Siku ya gogo lao kulikuwa na mawingu, kama mzee alivyosema. Sawako alikwenda. Hakuwahi kwenda kwa ajili ya picha, lakini safari hii alisimama nyuma ya mzee Ushiyama penye nguzo, ameushika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili ili umati usimwangushe. Aliona migongo tu. Alisikia mwimbaji juu ya kilima akiita kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na maelfu wakimwitikia. Alisikia shoka likipiga kamba iliyolizuia gogo, mara moja, na tena.

Mikono ya mzee ikapanda juu ya vichwa. Watu wote walikuwa wanatazama gogo. Sawako alikuwa anatazama kidole gumba. Kilitembea kwenye pete bila haraka, kikakuta tone, kikasimama palepale. Shoka likapiga mara ya mwisho. Kishindo kilikuja kupitia ardhini, kikapita kwenye magoti yake, watu wakapiga kelele kama paa la nyumba linang'oka, na kidole cha kulia cha mzee kikabonyeza. Kikavuta mkono wa filamu, kikabonyeza. Kidole gumba cha kushoto hakikutikisika.

Halafu matope yakawarukia wote.

"Yuko wapi?" mzee akasema. Mikono bado ilikuwa juu. "Sawako, yuko wapi, simwoni."

Sawako akapanda kwenye ubao wa uzio, jambo ambalo Hamano angempigia filimbi. Gogo lilikuwa limelala pale chini, limezungukwa na makoti ya buluu. Watu walikuwa wanainuana matopeni, wengine wanachechemea. Mbele kabisa, ameketi bado, miguu imelikumbatia gogo kama mtoto mgongoni kwa mama yake, alikuwa Mineo. Hana kofia. Mkono mmoja juu.

"Amekaa," akasema. "Hajashuka hata. Amekaa kama ni kiti chake cha jikoni."

Mzee akateremsha kamera kifuani, na kwa muda hakutaka kugeuka.

Tetsuro aliisafisha filamu, isiyo ya rangi, chumba cha nyuma, akatoa picha siku iliyofuata. Mzee na mwanawe walikuja pamoja, Mineo amefungwa bandeji mkononi, wakakaa kwenye vigoda. Picha ya kwanza ilikuwa na kisogo cha mtu na nusu ya gogo. Ya pili Tetsuro aliiweka mezani, akaigeuza iwaelekee wageni.

Sawako aliitazama kabla yao, hakuweza kujizuia. Alizitafuta herufi za ukosini. Zilikuwapo, nyeupe juu ya nyeusi, kila ncha imejaa. Ndipo akapandisha macho kwenye uso. Gogo lilikuwa limeinua pua, matope yamesimama hewani pande zote mbili, na katikati Mineo, macho wazi, meno nje, kila unywele wa mvi unahesabika.

Mineo alijikuna shingo. "Mbona natisha hivi?"

Mzee Ushiyama aliinama karibu mpaka pumzi yake ikagusa karatasi.

"Hutishi," akasema mwishowe. "Huyu ni mama yako. Ndivyo alivyokuwa siku ile alipokuzaa. Uso uleule. Nilikuwa mlangoni, nikauona, na sikuwa na kamera."

Sawako akavuta karatasi laini, akaanza kuifunga picha, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akifunga kamera zilizotoka kwenye meza ya mwisho.